Kati ya Dar na Tunduma kuna watu wanalima

Kulipopambazuka ndo nikaona maji mekundu yanadondoka kutoka chini ya fuso lililokuwa mbele ya basi letu. Yalikuwa yanatoka taratibu kwenye bodi ya nyuma, yanapita juu ya tairi, yanatambaa kwenye lami mpaka kwenye mtaro, na nzi walishafika. Usiku mzima tulikuwa nyuma ya hilo gari na sikujua limebeba nini, nilikuwa naona turubai tu na taa moja nyekundu. Kumbe nyanya. Matenga yamepangwa mpaka juu, na yale ya chini yalishaanza kuzidiwa na uzito wa yale ya juu.

Tulikuwa Kitonga, mlima wa Iringa kwenye barabara kuu ya Dar mpaka Tunduma, mpakani na Zambia. Tulikuwa upande wa kushukia, na huko chini kwenye kona lori lilikuwa limeziba njia zote mbili tangu usiku. Wanaopita njia ile hawahitaji nieleze zaidi ya hapo.

Kijana mwenye mzigo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya fuso, simu mkononi, anaichungulia na kuizima ili chaji isiishe. Nikamsalimia kamwene, akaitikia, nikamuuliza kama bei imeshuka huko Dar.

"Haijashuka dada. Soko la leo ndo limeshapita. Sasa hivi nikifika naenda kuuza na watu wa kesho, na wao watakuja na nyanya za kesho."

Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayesoma tangazo. Mi nikarudi kwenye siti yangu, na tangu siku ile hilo neno halijaniacha, nipo kazini linakuja, napika linakuja.

Habari zilizotoka baadaye zilitaja abiria waliokwama na malori ya kwenda Zambia na Kongo. Nyanya hazikutajwa.

## Nyanya haisubiri

Nyanya ya Ilula, mji mdogo ulio juu ya Kitonga, inayokwenda mbali inachumwa ikiwa imeanza tu kubadilika rangi, maana kuiva inamalizia njiani. Mchana watu wanachuma na kupanga kwenye matenga, jioni gari linapakia, usiku linashuka Kitonga, linapita Ruaha Mbuyuni, Mikumi, Morogoro, Chalinze, na alfajiri linatakiwa liwe limeshafika sokoni Dar, pale wachuuzi wa mitaani wanapokuja kuchukua mzigo wao wa siku. Ni kama kilomita 450 hivi. Yaani ratiba yote ya shambani, saa ya kuamka, idadi ya vibarua, saa ya kumpigia dereva, vyote vinahesabiwa kurudi nyuma kutoka kwenye hiyo alfajiri.

Na hiyo alfajiri inategemea kona chache za mlima mmoja.

Mahindi yanaweza kulala Makambako siku mbili na hakuna kitakachoharibika zaidi ya usingizi wa dereva. Mchele wa Igurusi na Chimala vilevile, mbao za Mafinga ndo kabisa. Viazi vya Njombe vina uvumilivu kidogo ila sio sana, vikikaa kwenye gunia na joto la kuanzia Ruaha Mbuyuni kushuka vinaanza kutoa jasho. Nyanya ndo haina subira. Kwahiyo barabara ileile, foleni ileile, kwa mmoja ni usumbufu na kwa mwingine ni mtaji wa msimu mzima unavuja kwenye lami mbele ya macho yake.

Na angalia hasara inamwangukia nani. Wachumaji walishalipwa, matenga yalishanunuliwa, wapakiaji walishachukua chao, ushuru wa mazao umelipwa getini, na gari litalipwa hata likifika na supu. Dalali wa sokoni atakata chake kwenye chochote kitakachouzwa. Anayebaki ni yule aliyekaa kwenye ngazi na simu, na nyuma yake kuna mkulima ambaye pengine alimkopesha mzigo kwa ahadi ya kulipwa gari likirudi.

Mi nilikuwa nafikiri jambo la Kitonga ni la ajali na usalama tu. Ni kweli ni la usalama, watu wamekufa pale, sitaki mtu adhani nalipuuza. Ila nilivyozidi kulifikiria nikaona kuna swali lingine chini yake, nalo ni: hii barabara ilipokuwa inafikiriwa, kuna mtu yeyote alikuwa amemuweka huyu kijana kwenye hesabu?

## Barabara iliyopangwa kutoka ncha mbili

Novemba 1965 Ian Smith, kiongozi wa serikali ya wazungu wachache, alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ambayo shaba yake na mafuta yake vilikuwa vinapita kusini, ikajikuta imebanwa. Njia iliyobaki ya kwenda kwa marafiki ilikuwa ni kuja huku kwetu, na huku kwetu kulikuwa na barabara ya vumbi kiangazi na tope masika. Malori yakaanza kupandisha mapipa ya mafuta kwenda Zambia na kushusha shaba kuja bandarini Dar. Wazee wa Iringa wanaokumbuka wanasema yale malori yalikuwa yanaanguka mabondeni na mengine hayakuwahi kutolewa.

Ndani ya muda mfupi sana vikaja vitu vitatu vinavyofuatana. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi 1968. Lami ya TANZAM, ndo hii barabara yetu ya Dar mpaka Zambia, ikawekwa kipande kwa kipande mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa miaka ya 70. Na reli ya TAZARA ikajengwa na Wachina na watu wetu kati ya 1970 na 1975. Ukifikiri nchi yetu ilikuwa na umri gani na pesa kiasi gani wakati huo, ni jambo kubwa mno. Mwalimu na Kaunda, rais wa Zambia, walikataa nchi hiyo inyongwe kwa kukosa njia, na mi hilo naliheshimu kutoka moyoni.

Lakini angalia ramani ya hiyo fikra. Huku bandari, kule migodi. Hata jina lenyewe limeunganisha nchi mbili. Kila kilichopo hapo katikati kilikuwa ni umbali wa kumaliza.

Afu watu wa katikati wakafanya walichofanya.

Makambako pale ni mahali reli inapokutana na barabara kuu na ndipo inapochepuka njia ya Njombe na Songea, na leo ni mji unaonunua mahindi, viazi na mbao za nyanda zote zinazouzunguka. Iringa mjini uko juu ya kilima, barabara kuu inapita chini Ipogolo, na Ipogolo ikaacha kuwa bonde la mto ikawa mji wa pili, gereji, nyumba za wageni, maghala, mama ntilie. Ilula ilikuwa na udongo na maji ila ni lami iliyoifanya nyanya yake iwe ya Dar. Igurusi, mlioshuka pale mnajua, mchele wa bonde la Usangu unakutana na malori pembeni mwa lami. Hata Mlowo kule karibu na Vwawa, mahindi na kahawa vinafuata lami hiyohiyo.

Haya yote hayakuwa lengo la kwanza. Yametokea kwa sababu watu waliona gari linapita wakalisimamisha.

## Wakati umbali ulikuwa haulipwi na mkulima

Hapa kuna kitu ambacho vijana wengi hawakukuta, na mi mwenyewe nimekipata kwa kumsikiliza mama na baadaye kusoma.

Kuanzia katikati ya miaka ya 70 serikali ilikuwa inanunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Uwe Songea ndanindani huko au uwe karibu na Dar, kilo ilikuwa na bei ileile, na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, ndo lilikuwa linabeba gharama ya kuyasafirisha. Matokeo yake watu wa kusini wakalima kwelikweli. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa ndo mikoa minne mikubwa ya mahindi, malori yakawa yanapandisha mbolea na kushusha mahindi. Na ilipofika miaka ya 80 ikawekwa lami kutoka Makambako mpaka Songea, ikafungua upande wote ule.

Halafu mfumo ukashindwa. Shirika lilikuwa na madeni makubwa, malipo yanachelewa, mahindi ya mbali yanagharimu kuyafuata kuliko yanavyouzwa mjini. Soko likafunguliwa hatua kwa hatua kuanzia katikati ya miaka ya 80, na umbali ukarudi kwa mwenyewe. Tangu hapo kila kilomita inakatwa kwenye gunia. Mnunuzi akija Njombe anapiga hesabu ya bei ya Dar, anatoa nauli, anatoa mafuta, anatoa usumbufu wa njia, anatoa faida yake, kinachobaki ndo anachokutajia wewe uliyesimama shambani na jembe.

Sisemi turudi kule, na mama mwenyewe hasemi hivyo, anakumbuka vizuri karatasi za ahadi zisizolipika. Ninachosema ni kwamba siku bei moja ilipoondolewa, barabara ilibadilika maana yake kwa mkulima. Kabla ya hapo ubovu wa njia ulikuwa ni shida ya shirika. Baada ya hapo shimo la barabarani likawa linalipwa na mwenye shamba, na hakuna aliyekuja kumwambia kwamba sasa hivi wewe ndo mwenye barabara.

## Yule mama wa chai

Sasa nirudi kidogo kwenye ile foleni, kwa sababu kuna jambo lilinivuruga.

Jua lilipochomoza wakaanza kuja wauzaji. Wengine kwa miguu, wengine wameletwa na boda, chai kwenye chupa, maandazi kwenye ndoo yenye mfuniko, mahindi ya kuchemsha, mayai. Mama mmoja wa makamo, kajifunga kitenge na sweta la kiume juu yake, alipita dirisha hadi dirisha la basi letu na ndoo yake ikaisha kabla hajafika nyuma. Akamwita binti yake akalete nyingine.

Nikamwambia, "Mama, shikamoo, pole na baridi."

"Marahaba mwanangu. Baridi leo siisikii, leo Mungu kafungua."

Nikacheka naye. Kisha nikamuonesha lile fuso, nikamwambia pole ya yule kijana, nyanya zake zinaisha. Akalitazama, akanyamaza kidogo, akasema kwao nako wanalima nyanya, mume wake yuko shambani sasa hivi, na jioni wana mzigo wa kupakia kama njia itafunguka. Nikamuuliza, kwani mama we unataka ifunguke au isifunguke? Hakuona kama ni swali la kuchekesha.

"Yote mwanangu. Zikipanuliwa zikawa njia nne, haya magari yatapita vuu, nani atanunua andazi? Na zisipopanuliwa nyanya zetu zinaozea hapa. Wewe uliyesoma niambie."

Sikuwa na la kumwambia.

Mpaka pale nilikuwa na msimamo rahisi sana: panueni, wekeni njia nne, maliza. Na kuna mahali kazi imeshaanza, pale Mbeya kutoka Nsalaga mpaka Ifisi wanapanua njia nne, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ya malori kuanzia Uyole anajua kwa nini. Lakini nyumba ya yule mama ina vipato viwili na vinavutana. Cha mume kinataka barabara iende kasi. Cha mke kinataka barabara isimame. Na sio yeye peke yake, ni kila mji wa kilimo uliopo kwenye hiyo njia. Kwenye kila tuta, kila mizani, kila mlima unaolazimisha gia ndogo, kuna watu wameweka meza.

## Mita thelathini

Kisheria hizo meza hazitakiwi kuwepo. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, kutoka mita 22.5 za zamani mpaka mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Zile alama za X nyekundu mnazoziona ukutani ndo za majengo yaliyo ndani ya hizo mita. Sababu zipo na ni za msingi, barabara ikipanuliwa inahitaji nafasi, na mtoto anayekimbilia dirisha la basi na ndoo ya karanga yuko hatua mbili kutoka kwenye semi linaloteremka na tani za mzigo.

Kwahiyo wakubwa wana hoja, na mi siwezi kusema mama abaki palepale ukingoni.

Ila tazama kinachotokea baada ya bomoabomoa. Baada ya wiki chache meza zinarudi, nyembamba zaidi, karibu zaidi na lami, kwa sababu kibanda cha kudumu hakiruhusiwi basi mtu anabaki na beseni anaweza kukimbia nalo. Tumefanya biashara iwe ya hatari zaidi, haijaondoka. Na haitaondoka, kwa sababu gari lazima lisimame mahali, dereva lazima ale, abiria lazima achimbe dawa, na nyanya lazima ipakiwe. Kusimama ni sehemu ya barabara sawasawa na kwenda. Nimeshangaa imenichukua muda mrefu hivyo kuliona jambo la wazi namna hii, labda kwa sababu mi ni abiria, na abiria anawaza kufika tu.

## Lori linapimwa, kiazi hakipimwi

Nikaanza kusoma jinsi wataalamu wanavyopima faida ya barabara kabla ya kuijenga. Wanahesabu magari. Wanaweka watu kando ya njia wanahesabu mangapi yamepita, makubwa mangapi, madogo mangapi, halafu wanapiga hesabu ya muda utakaookolewa na gharama za kuendesha gari zitakazopungua, mafuta, tairi, spea. Ukijumlisha hivyo kwa miaka, unapata kama mradi unalipa.

Ni hesabu nzuri, ila inamuona anayepita. Fuso lililosimama Ilula masaa mawili linapakia, kwenye hiyo hesabu ni gari moja tu kama mengine. Gunia lililokaa pembeni ya njia panda ya Makambako siku nzima halihesabiki, halina magurudumu.

Na sio kwamba hatujui kupima. Tunapima sana! Pale Wenda, na Makambako, na kule Vigwaza ukikaribia Dar, lori likiingia mizani linapimwa ekseli kwa ekseli. Kuna sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake ni tani 56, na ukizidisha unalipa. Na ipo sababu ya kisayansi nzito. Majaribio ya barabara yaliyofanyika Marekani, Illinois, kati ya 1958 na 1960 yalionesha kwamba uharibifu unapanda takribani kwa uzito wa ekseli ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ukibebesha ekseli mara mbili, lami haiumii mara mbili, inaumia kama mara 16. Lori moja lililozidisha linaweza kula maisha ya barabara kuliko msururu wa magari madogo siku nzima. Kwahiyo mizani ni lazima, na mi naiunga mkono.

Sasa hebu toka hapo mizani, tembea mpaka kwenye rundo la viazi lililo pembeni ya barabara hiyohiyo.

Gunia limejazwa, halafu juu limeshonewa kamba na wavu likaongezwa tena, limesimama refu kuliko kijana anayelishona. Lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na kila mwaka kiongozi mmoja anasimama na kupiga marufuku, na kila msimu lumbesa inarudi. Mnunuzi ananunua gunia, hanunui kilo. Mkulima akidai mizani anaambiwa basi baki navyo, nenda kamuuzie mwingine.

Lori limepimwa mpaka ekseli ya mwisho ili lami isiumie. Mkulima hakupimiwa hata kilo moja.

Hapo ndo nilipokasirika kweli. Teknolojia ni ileile, nchi ni ileile, barabara ni ileile, kilichotofautiana ni nini tuliamua kina thamani ya kulindwa.

## Zile kilomita kabla ya lami

Nimeongea na watu wa nyumbani kuhusu lumbesa na wengi wanaanza na tamaa ya madalali. Tamaa ipo. Lakini mzee mmoja, jirani wa baba, aliyelima viazi maisha yake yote, alinionesha kitu kingine. Alisema mwenye gari anayekuja kuchukua mzigo kijijini masika anatoza kwa gunia, halafu wapakiaji wanatoza kwa gunia, na ushuru watu waliuzoea kwa gunia. Sasa kama kila mtu njiani anahesabu gunia, mnunuzi kwa nini asitake gunia liwe kubwa kuliko yote? Lumbesa imezaliwa shambani lakini imelelewa na njia mbovu.

Njia yenyewe ni ile ya udongo mwekundu, unaijua, mvua ikinyesha matairi yanafunga tope mpaka hayazunguki. Kutoka shambani kwake mpaka lami sio mbali, unatembea. Lakini ukigawa nauli kwa uzito na umbali, ile safari fupi ni ghali kuliko ile ndefu ya kwenda Dar, ghali kupita kiasi, na kuna wiki haipitiki kwa bei yoyote.

Barabara kuu na za mikoa zilizo chini ya TANROADS ni kama kilomita 36,000. Zilizo chini ya TARURA, za wilaya na vijijini na mitaa ya miji, ni zaidi ya kilomita 144,000. Na kwa miaka mingi pesa ya Mfuko wa Barabara ilikuwa inagawanywa asilimia 70 kwa 30, sehemu kubwa inakwenda kwa zile chache. Naelewa kwamba kilomita moja ya lami inayobeba semi inagharimu zaidi kuitunza, sio suala la kugawa sawasawa. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za TARURA, na sehemu nyingine tumeona greda na makalavati mapya. Bado ni kidogo kwa mtandao wa urefu ule. Na hiyo shilingi 100 yule mzee anailipa pia, iko ndani ya nauli ya gunia lake.

Nilimuuliza kama angechagua, TANZAM ya njia nne au njia yake ya udongo ipitike masika. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza atachagua mkono upi ukatwe. Akasema njia yake, halafu akaongeza haraka kwamba Kitonga nayo watengeneze, kwa sababu mwanae anaendesha fuso.

## Ningeanzia wapi

Nimebadilisha msimamo mara nyingi wakati naandika hii, na mpaka sasa kuna siku naamka nadhani kasi ndo kila kitu. Ila hapa nilipofika leo ni hivi: sitaki kuchagua kati ya mume na mke wa ile nyumba. Kitonga ipewe njia ya kupandia malori mazito kwa urefu wake wote, na gari la kuvuta lililo tayari masaa yote, ili lori likifa lisizibe pande zote mbili. Hilo ni la mume.

La mke ni hili. Kila mahali barabara inapokuzwa, mchoro uonyeshe pia pa kusimama. Sio upana wa bega la barabara tu, namaanisha eneo kamili lililotolewa nje ya njia, lina kuingia na kutoka, lina taa, vyoo, maji, kivuli, na meza zilizopangwa upande ambao mtoto hahitaji kuvuka lami. Mabasi yatasimama kwa sababu abiria wanahitaji, hasa sasa hivi tangu 2023 yaliporuhusiwa tena kutembea usiku na watu wanafika Ilula saa za ajabu.

Na hapohapo iwepo mizani ya mazao. Ndogo tu, ya kusimamisha gunia, ya umma, inayosomeka na pande zote mbili. Gari lisipakie hapo bila mzigo kupimwa, na bei itajwe kwa kilo. Najua watasema madalali watapakia porini, na wengine watajaribu, ila gari kubwa haliingii kila njia ya udongo, lazima litoke mahali kwenye lami, na mahali penyewe panajulikana. Watu wa vijiji wanaweza kukutajia kwa majina, hii njia panda, ule mwembe, pale kwa fundi.

Pa kuanzia mi ningechagua Ilula, kwenye upande unaoelekea Dar. Sa hivi jioni pale vijana wanapakia nyanya wamesimama kwenye ukingo wa lami, mgongo wanaupa barabara, tenga linapokelewa mkono kwa mkono huku semi za kontena zinapita mita moja nyuma yao na taa ni za simu. Kuna nafasi ya kusogea ndani, kuna umeme mjini, kuna mazao mwaka mzima kwa sababu ya umwagiliaji, na kuna halmashauri inayokusanya ushuru wa mzigo huohuo. Ikijengwa hiyo moja, na hesabu zake za msimu wa kwanza zikabandikwa ukutani kila mtu azisome, inayofuata iwe Igurusi kwa ajili ya mchele, afu Makambako kwa viazi na mahindi, halafu Mlowo.